Wimbo wa Tano Haukuwa wa Kuuza

Nyie mliokaa pale stendi ya Mpanda na vibanda vyenu vya vioo, mnaouza vocha, kava za simu na nyimbo kwa pamoja, salamu zenu. Mimi ndiye Mama Kaseti. Kile kibanda chenye bati lililokunjwa pembeni nilikaa mimi. Bati lile lilikunjwa na fuso lililorudi nyuma bila kuangalia. Dereva wake alitaka kunituliza kwa debe la mchele. Tukabishana tangu asubuhi mpaka abiria wake wakaanza kumtukana, akaniachia gunia. Sasa nimestaafu, magoti yamegoma, lakini mdomo bado uko kazini. Sikilizeni.

Kwanza, acheni kumaliza wimbo. Nikipita pale nawaona mmefungulia sabufa nje, wimbo unaimba mpaka unakata roho wenyewe. Mteja akishausikia wote, ameshakula bure, atanunua nini? Unaacha mwimbaji afike kwenye kiitikio, mara moja tu, halafu unakata, unajifanya unatafuta waya. Yule aliyekuwa anapita atasimama. Atasema, "We mama, rudisha huo." Hapo ndipo biashara inapoanza.

Pili, msiangalie uso wa mteja. Hili nilifundishwa na Mzee Sikazwe, Mfipa mmoja aliyeuza kaseti kabla yangu na kunipa kona ya meza yake nikiwa binti. Alikuwa akisema, "Uso ni wa kupatana bei. Mikono haijui kupatana." Mteja anaweza kukunja sura, akasema wimbo wako haufai hata kufukuzia ndege mpungani, lakini vidole vyake vinagonga meza. Huyo ameshanunua, usimpunguzie. Mwingine anakusifia mpaka unaona haya, mikono iko mfukoni. Huyo anasubiri basi tu.

Tatu ni habari ya betri, na hii muishike vizuri kwa sababu itarudi. Zamani za kaseti, betri zikichoka mwimbaji anaanza kuvuta maneno kama mtu aliyeamshwa usingizini. Tulizianika juani juu ya bati zikarudisha nguvu kidogo, za siku moja. Basi sikio langu lilizoea hivyo kwa miaka yote: wimbo ukienda polepole, kuna kitu kinakufa.

Kaseti zikaisha, tukachoma CD. CD zikaisha, tukaanza kuingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Kadi ile ni ndogo kama ukucha. Ikidondoka kwenye vumbi la stendi, umeshaizika. Ndiyo maana nilizihesabu mara mbili, asubuhi na jioni, na mara mbili mbele ya kila mtu aliyenichekea sana. Mnanicheka na nyie. Tutaona.

Siku Kaneza anakuja ilikuwa masika yamekolea, stendi nzima tope. Binti mwembamba, begi mgongoni limefunikwa mfuko wa mbolea ili kompyuta isilowe.

"Shikamoo, Mama Kaseti."

"Marahaba. Kadi au flashi?"

"Sijaja kununua. Nimekuja na mzigo wangu, uniuzie."

"Basi nirudishie marahaba yangu, tuanze upya."

Akacheka, lakini hakuondoka. Alikuwa mtoto wa Katumba, wale ambao babu zao walikimbia kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili wakapewa mapori wakayageuza mashamba. Mwenyewe amezaliwa huku, baba yake amezaliwa huku. Alipanga chumba mtaa wa Nsemulwa, akaegemeza magodoro ukutani ili sauti isirukeruke, akarekodi nyimbo saba.

"Muziki gani?" nikamuuliza.

"Trip-hop, mama."

"Tripu ya mahindi naijua. Ya tofali naijua."

"Hii ni ya polepole. Nzito. Kama mtu anatembea ana mawazo."

"Mwenye mawazo hanunui nyimbo, mwanangu, ananunua sigara. Hebu weka."

Akaweka. Mimi nikasema moja kwa moja, "Kompyuta yako imechoka, kaitie chaji." Akasema haijachoka, ndivyo ulivyo. Kilichosikika kwanza ni mvua juu ya bati. Halafu kishindo kizito, kikapotea, kikarudi umeshakata tamaa nacho. Akaniambia ule ni mlango wa bani la kukaushia tumbaku, nyumbani kwao, ameufanya ngoma. Nyuma yake mnyororo wa baiskeli unajizungusha. Halafu nyuzi. Na juu ya nyuzi, mzee anaongea chini chini, hapigi kelele, haimbi hasa, ananong'ona kama anamwambia mtu siri sikioni.

Ule ni muziki wa kwao. Chombo kinaitwa inanga, ubao mrefu uliochimbwa kama sinia la mti, umevutwa nyuzi juu. Mpigaji huwa hapazi sauti. Ananong'ona pamoja na nyuzi, na anayetaka kusikia anasogea. Mnong'onaji alikuwa babu yake Kaneza, Mzee Bukuru.

"Kiitikio kiko wapi?" nikauliza.

"Hakuna."

"Sasa mimi nitakata wapi?"

"Usikate, mama. Uache tu."

Mnamwona mtoto huyo? Amekuja kibandani kwangu kunivunjia sheria ya kwanza. Nikataka kumfukuza kwa adabu. Lakini muda wote ule nilikuwa nahesabu kadi za asubuhi, na nilipoangalia chini, mikono yangu ilikuwa imesimama. Nikahesabu upya, ikasimama tena, wimbo wa tano ukiwa katikati. Mzee Sikazwe alikuwa marehemu wakati huo, lakini nilimsikia anakohoa pembeni yangu.

Nikamwambia Kaneza nitazijaribu. Nikabishana naye bei mpaka akakubali nusu ya alichotaka, na usiku sikulala vizuri, kwa sababu sijawahi kuchukua mzigo ambao sijui nitausema nini kwa mteja.

Kadi ya kwanza kurudi ililetwa na Shija. Shija ni bodaboda, Msukuma, mtu mkubwa wa mwili na mkubwa zaidi wa mdomo. Alisimamisha pikipiki mpaka tope likarukia meza yangu.

"Mama Kaseti, kadi yako inaumwa."

"Inaumwa nini?"

"Mimi nitajuaje, mimi daktari? Nimembeba mchungaji kutoka Nsemulwa, nikafungulia spika nimburudishe. Tumefika kilimani ananiuliza, 'Kijana, umefiwa?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndiyo. Akanipa pole na hakudai chenji. Lakini kadi ni mbovu, nibadilishie."

Kufika jioni zilikuwa zimerudi kadi nyingi. Mmoja anasema imeingia maji, anayasikia humo ndani. Mwingine anasema kuna mlango unafungwa kwenye simu yake, amemchapa mtoto bure. Mama wa maandazi wa jirani akaniambia nikifungulia tena muziki ule, unga wake hauumuki. Vijana wakaniuliza kama nimeanza kuuza nyimbo za kupashia kiporo.

Lakini stendi ikagawanyika. Fundi baiskeli wa upande wa pili alivuka barabara na spana mkononi, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huo mnyororo unataka grisi." Kesho yake akaja tena kuusikiliza mnyororo. Mpakizi mmoja wa tumbaku akanunua tatu, za kugawa. Na kulikuwa na wale waliokuja kwa pembeni, wameinama, sauti ya chini kama wananunua dawa ya minyoo: "Mama, ule wa tano upo?" Wengi wao walikuwa watu wa Katumba. Wakikutana wawili kibandani, hawaangaliani.

Wanaorudisha walikuja wanapiga kelele, wanaonunua walikuja kimya. Nilipohesabu, na mnajua nahesabu vipi, walikuwa wamelingana. Watu wale wale waliokuwa wanachapana kwa taulo wakati wa mechi sasa walikuwa wanapigana kwa sababu ya mlango wa bani. Shija akawa kiongozi wa wanaopinga. Fundi baiskeli akaacha kumtengenezea gurudumu.

Mtangazaji mmoja wa redio ya mjini akapata kadi, sijui kwa nani, akamwambia Kaneza ataupiga wimbo wa tano kwenye kipindi chake cha wiki ijayo. Kaneza alikuja kibandani anaruka kama amekanyaga kaa la moto. Mimi nikafurahi mdomoni tu. Kitu kinachogawanya watu stendi unaweza kukizima. Redioni hakuna swichi yako.

Na kweli. Siku mbili baadaye alikuja Damasi, baba yake mdogo Kaneza, mtoto wa Mzee Bukuru. Mtu safi, shati limepigwa pasi, baiskeli ameishikilia kama mtu anayemshikilia mgonjwa. Alinisalimia vizuri, ndipo nikajua hali ni mbaya.

"Mama, unajua mle ndani baba yangu anasema nini?"

"Kirundi sijui, ndugu yangu. Nauza tu."

"Anataja milima ya kwao. Anamtaja mdogo wake waliyemwacha mtoni siku ya kukimbia. Kwa jina." Akaangalia nyuma. "Sisi tumeomba uraia, tumeupata. Watoto wetu wanasoma, wanagombea uongozi. Leo wimbo wa Kirundi unapita kila kijiwe, na wiki ijayo redioni. Kesho mtu atasema, hawa bado wana kwao. Unanielewa?"

Nikamwambia namwelewa. Nilimwelewa kweli.

"Na mzee mwenyewe anasemaje?"

"Mzee hajausikia. Ameambiwa na watu kwamba mjukuu amemweka disko. Ameitundika inanga ukutani. Tangu nizaliwe sijawahi kuiona ukutani mchana. Haongei nayo, haongei na sisi."

Kaneza alipofika jioni nikamweleza. Alikaa kwenye ndoo niliyokuwa nakalia, kompyuta mapajani. Halafu akasema, "Nitampelekea azisikilize. Sogokuru akisema hapana, nafuta zote saba. Za kwangu na za kwako." Sogokuru ndiyo babu kwao.

"Zote? Na redio?"

"Zote."

Nyie mnafikiri niliogopea mzigo wangu? Kidogo, siwadanganyi. Lakini zaidi niliogopa kwa sababu nilimwangalia mikono. Alikuwa ameishika ile kompyuta kama mtu anayemshika mtoto aliyeitwa kuchanjwa. Miaka miwili ya kazi, akiuza mihogo ya kukaanga mchana ili alipe chumba. Na upande wa pili, mzee na ubao wake ukutani. Mmoja wao angerudi mikono mitupu, na mimi nisingeweza kusema "tugawane katikati", maneno yaliyonilisha ugali maisha yangu yote.

Nikamwambia, "Hupeleki hiyo kompyuta. Twende wote, na nitabeba chombo mimi."

Hapa kuna jambo la kazi, mlishike. Mtu akishaambiwa kwamba kitu ni kibaya, usimpigie kwa nguvu. Atapigana na sauti, wimbo wenyewe hatausikia. Nikaacha sabufa, nikaacha zile spika za kumetameta. Nikachukua kiredio changu cha mkulima, kile kidogo kinachokula kadi, ambacho ukikiongeza sauti kinakoroma. Shija akatupeleka. Nilimwambia atupunguzie nauli kwa kuwa anaenda kuona adui yake anafutwa. Akapunguza, akafurahi, akaimba njia nzima.

Tulimkuta Mzee Bukuru barazani kwake anapukuchua mahindi kwenye beseni. Mzee mdogo wa mwili, kofia ya kufuma, macho makali. Nyuma yake, kupitia mlangoni, niliiona inanga ukutani. Damasi alikuwepo, na majirani walishajaa, kwa sababu Katumba habari haihitaji pikipiki.

Kaneza akapiga magoti kumwamkia. Mzee akaitikia bila kuinua uso. Mahindi yakaendelea kudondoka, ta-ta-ta, kwenye beseni.

"Huyu ndiye anayeniuza?" akauliza, kidevu kimenielekea.

"Ndiyo, mzee wangu," nikasema. "Na huuziki vizuri. Nusu ya watu wamekurudisha."

Majirani wakaguna. Damasi akafumba macho. Mzee akainua uso kwa mara ya kwanza. "Nusu?"

"Nusu kamili. Nimehesabu mara mbili."

"Na hiyo nusu nyingine?"

"Imekataa kukutoa."

Akarudi kwenye mahindi. "Weka," akasema.

Nikaweka kiredio juu ya gunia, sauti ya chini kabisa. Watu wa kwenye uzio wakapiga kelele, "Ongeza!" Nikawaambia, "Anayetaka kusikia asogee." Wakasogea. Wakasogea tena. Mwishowe watu wazima walikuwa wamekaa chini mabega yamegusana, na mtoto aliyekohoa aliondolewa.

Mvua ikanyesha ndani ya kiredio. Mlango ukapiga.

"Nani anafunga mlango?" mzee akauliza.

"Ni mlango wa bani letu, Sogokuru."

"Niliwaambia ile bawaba itengenezwe," akamwambia Damasi. Watu wakacheka.

Ikaja sauti yake mwenyewe. Mahindi hayakusimama, ila yalianza kudondoka polepole, yanafuata ule mlango; sidhani kama alijua. Wimbo wa pili, wa tatu. Kaneza alikuwa anang'ata ncha ya kitenge. Ulipoisha wa nne, mzee akasema, "Mpiga ngoma huyu amechoka."

Kaneza akainamisha kichwa.

"Lakini ana adabu," mzee akaendelea. "Ananisubiri nimalize. Vijana wa siku hizi hawasubiri." Akamgeukia Damasi. "Disko ndiyo hii? Mbona hakuna mtu anaweza kuicheza?"

Shija, aliyekuwa amesimama kwa mbali, akapayuka, "Ndicho ninachosema mimi!" Watu wakamnyamazisha.

Kisha ukaingia wimbo wa tano, na mikono ya mzee ikasimama. Ikasimama kabisa, gunzi likabaki kiganjani. Nikajisemea, amenunua. Mzee Sikazwe, upumzike kwa amani, amenunua.

Wanangu, kwa mara ya kwanza maishani mikono ilinidanganya.

"Zima," akasema.

Nikazima.

"Huu hapana," akasema mzee. Hakukasirika, alisema kama mtu anayetenga mbegu.

Damasi akadakia, "Ndiyo nilichowaambia, baba. Watu wa ofisini wakisikia..."

"Ofisini walishaniuliza nilikotoka, nikawaambia. Waliandika wenyewe, wanajua. Wewe unaogopa kwa niaba yao." Akamgeukia mjukuu. "Huu una mwenyewe. Siku ile nilikuwa namwimbia mdogo wangu. Wewe ulikuwa umekaa karibu tu."

"Lakini Sogokuru, uliiona simu! Niliiweka hapo hapo mbele yako!"

"Niliiona. Nilijua unaiweka. Sikujua unaipeleka."

Kaneza akaanza kulia, na akilia alikuwa anabishana, ndiyo ukoo wao. Akasema huo ndio wimbo wenyewe, nyingine ni njia ya kufikia huo, ndio redio wanautaka, ndio watu wanaurudia. Mzee akasema wenye kuurudia hawamjui mdogo wake. Kaneza akasema ndiyo maana, wamjue. Mzee akasema amjue nani, mwenye pikipiki? Pande zote mbili nilikuwa naziona zina haki, na hakuna kitu kibaya kwa mpatanishi kama hicho. Kaneza akafuta machozi, akasema, "Basi nafuta zote saba."

"Sikusema zote," mzee akasema.

"Bila huo hazisimami."

Wote wawili wakaniangalia mimi. Nyie, nimepatana bei na wanajeshi, nimepatana na masista. Wimbo hauna nusu. Au unayo?

Nikamuuliza Kaneza, "Mvua na mlango vinaweza kubaki, sauti ya mzee ikatoka?"

"Vinaweza. Lakini patakuwa pamebaki tundu."

Mzee akauliza, "Na mimi nitakuwa nimekwenda wapi?"

"Utakuwa upo, mzee wangu," nikasema. "Ngoma itakusubiri kama kawaida. Ila utakuwa umenyamaza."

Akaligeuza gunzi lake kiganjani. "Kunyamaza naweza," akasema. "Nimenyamaza miaka mingi." Akamwangalia Kaneza. "Na asinijazie mtu mwingine hapo. Wala filimbi."

"Sitajaza, Sogokuru."

Mahindi yakaanza tena kudondoka. Ndivyo tulivyopatana.

Kazi ngumu ikabaki: kadi zilizokwisha kutoka. Redio haikuwa tatizo. Mtangazaji alisikia wimbo wa tano mpya, akauliza kama faili limeharibika, akapiga wa pili. Ila kadi zilikuwa mifukoni mwa watu, nazo hazina miguu ya kurudi. Nikatangaza stendi: aliye na kadi ya Kaneza ya mwanzo aje, nitamwekea mpya na nyongeza ya nyimbo zozote anazotaka. Nyie mnajua Mtanzania na nyongeza. Waliokuwa wamerudisha walisikitika kwamba walirudisha mapema.

Aliyenisaidia kuzikusanya ni Shija. Msiniulize kwa nini. Alisema ni kwa ajili ya nyongeza, lakini alizunguka vijiwe vyote na mafuta yake, na aliyekataa kutoa alibishana naye mpaka akatoa. Nikamuuliza, "Si ulikuwa unauchukia?" Akasema, "Nauchukia. Lakini yule mzee alisema hapana, na mimi nilikuwepo."

Zikarudi karibu zote. Nikazihesabu mara mbili, nikazihesabu mara ya tatu, bado ilipungua moja. Ile moja ilininyima usingizi. Kila spika iliyopita na mlango ule wa bani ilinisimamisha. Nasubiri wa tano uingie, mpaka nisikie mvua tupu, mlango, na mlango unasubiri, na hakuna mtu. Ndipo nakaa. Watu nao wakaanza kurudisha upya: "Mama, hapa katikati pameharibika." Nikawa nawaambia hapajaharibika, hapo mzee amenyamaza. Wengine walicheka. Wengine walirudi nyumbani na kadi zao, wakaja kuniambia kwamba hapo ndipo wanapopapenda. Mimi hata leo sijui kama ni pazuri. Najua tu ni pake.

Kaneza akaniletea habari kwamba inanga imeshuka ukutani. Ila sasa mzee kabla ya kuigusa anauliza, "Simu ziko wapi?" Wanamjibu, "Nje, Sogokuru." Anamtuma mtu akaangalie.

Ile kadi ya mwisho ilikuja yenyewe, wiki ninayofunga kibanda. Mwanaume wa makamo, vumbi mpaka kwenye nyusi, ametoka Mishamo, makazi mengine kama Katumba. Alikuwa ameifunga kadi kwenye karatasi ya sigara.

"Nimesikia mnazitafuta zile za mwanzo, mama."

"Tunazitafuta, baba. Nikuongezee nyimbo gani?"

"Sitaki nyongeza." Hakuiachia. Nikamwangalia mikono, ilikuwa inaifungua karatasi na kuifunga. "Mama yangu ni mzee. Wimbo wa tano anausikiliza kila siku, ameiweka simu sikioni. Ile milima anayotaja yule mzee, ndiko alikozaliwa. Nikisharudisha hii, nimwambie nini?"

Nilikuwa na jibu la biashara, na nilikuwa na jibu la kumwonea huruma, yaani arudi nayo tu, nani atajua. Hakuna ambaye angejua. Ni mimi tu ningelala nimepungukiwa moja maisha yangu yote.

Nikaichukua, nikaichomeka, nikaufuta ule wimbo bila kuufungulia. Nyie mngesikiliza mara ya mwisho, nawajua. Nikamrudishia kadi yake, nyimbo nyingine zote zikiwemo.

"Mwenye wimbo yuko Katumba, mzima kabisa," nikamwambia. "Mlete mama mwenyewe. Na simu muache kwenu."

Akaondoka bila kusema atakuja au hatakuja. Nikafunga kibanda, nikarudi nyumbani na wasiwasi wangu. Yakapita masika mazima. Nikajiambia nimemnyang'anya bibi wa watu kitu chake cha mwisho, kwa sababu ya kuhesabu.

Halafu Shija akaja nyumbani, mchana, anajifanya kupita tu. Akakaa, akanywa maji, akaomba mengine.

"Jana nimembeba bibi mmoja," akasema. "Nimempokea kwenye basi la Mishamo, mwepesi kama mfuko wa pamba. Mtoto wake akapanda pikipiki nyingine. Nimewapeleka kwa Mzee Bukuru."

Nikaweka chini ungo. "Halafu?"

"Halafu wameingia ndani, mimi nikaambiwa nisubiri uani na simu zao. Nimesubiri mpaka jua likahama."

"Ukasikia nini, Shija?"

Akaweka kikombe chini.

"Nilisogea mpaka mlangoni, Mama Kaseti, siwezi kukudanganya. Bibi ameinamia inanga, sikio karibu na mdomo wa mzee. Mimi sikusikia kitu."